Namba ya Simu Si Mtu



Tuchukue mfano ambao kila parokia ya jimbo letu la Butembo-Beni yaujua. Mama mjane wa Musienene auza viazi na maharagwe sokoni. Siku moja simu yake yalia, naye asoma maandiko kwamba amepokea dola 50. Dakika mbili hazijapita, mtu ampigia kwa sauti ya upole: "Mama, nimekosa namba. Pesa hizo ni za dawa ya mtoto wangu. Kwa huruma ya Mungu unirudishie." Mama ana moyo mwema, naye atuma dola 50. Jioni aangalia akiba yake, aona kwamba hakuna aliyemtumia kitu. Maandiko yale aliyaandika mwizi mwenyewe. Dola 50 zilizokwenda zilikuwa zake mama, mtaji wake na karo ya watoto wake.

Ndugu zake wakusanyika. Watazama namba ile na jina lililoandikishwa nalo. Mmoja asema: "Jina hili nalijua. Ni kijana anayeendesha pikipiki pale Butembo." Vijana wasimama mara moja, watafuta fimbo. Wengine watafuta picha ya yule kijana wapate kuieneza katika makundi ya WhatsApp, na chini yake neno moja tu: mwizi.

Hapo ndipo swali letu la leo lilipo. Mama adai haki yake, na adai kwa kweli. Lakini yule kijana ambaye jina lake limeonekana, je, tumwite mwizi? Tuna deni gani kwake? Tulitafute jibu taratibu, kwa nuru ya imani na kwa sheria za nchi yetu.

Wizi ni wizi

Kwanza tuondoe udanganyifu mmoja. Wako watu wanaosema kwamba kumpokonya mtu pesa kwa njia ya simu ni akili tu, wala si wizi. Husema: "Sikumpiga, sikuvunja mlango, yeye mwenyewe ndiye aliyetuma." Maneno haya ni bure. Amri ya saba haikuweka mpaka kwenye mlango. Kuchukua mali ya mwenzio pasipo ridhaa yake ni wizi, na ridhaa iliyopatikana kwa uongo si ridhaa.

Sheria ya nchi yasema vivyo hivyo. Kitabu cha Sheria ya Jinai cha tarehe 30 Januari 1940 chamwadhibu, katika kifungu cha 98, mtu anayejipatia mali ya wengine kwa jina la uongo au kwa hila. Sheria hiyo iliandikwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Vyombo vimebadilika, uongo ni uleule.

Tena uzito wa kosa hupimwa pia kwa hali ya yule aliyeibiwa. Mwishoni mwa Juni 2024 mji wa Kanyabayonga ulitekwa, na watu wengi wa kusini mwa Lubero wakakimbilia kaskazini, wengine hadi huku kwetu. Mkimbizi huacha nyumba, shamba na mbuzi, simu huibeba. Kwa simu hiyo ndugu yake aliye Butembo, Kampala au Ulaya humtumia kidogo cha kununulia unga. Anayemnyang'anya mkimbizi kidogo hicho amewaibia watoto chakula cha siku hiyo. Nabii gani angenyamaza mbele ya jambo hili?

Basi asiyetaka mwizi wa simu atafutwe, hampendi jirani yake. Hilo limekwisha. Linalobaki ni kujua namna ya kumtafuta.

Jina la mtu, mkono wa mwingine

Kuvaa jina la mwingine ili kutenda uovu si jambo lililozaliwa pamoja na intaneti. Tusome Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Naboti, naye Naboti akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Ndipo malkia Yezabeli alipoandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee waliona muhuri, wakatii. Watu wawili wakaletwa kushuhudia uongo, umati ukamtoa Naboti nje ya mji, ukampiga mawe hata akafa.

Tutazame vema mambo matatu ya habari hiyo: jina la mtu lililotumiwa na mwingine, ushahidi ambao hakuna aliyeuchunguza, na umati ulioshika mawe. Mambo hayo matatu yakikutana, asiye na kosa hufa, hata kama kila mtu katika umati adhani atetea haki.

Sasa turudi kwa namba ile ya simu. Sheria yataka kila kadi ya simu iandikishwe kwa jina la mwenyewe, na huku kwetu wengi hutumia kadi ya mpigakura. Lakini sote twajua jinsi mambo yanavyokwenda njiani. Kadi za simu huuzwa zikiwa zimekwisha kuandikishwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Mtu humwazima mwenziwe kadi yake ya mpigakura kwa wema, na jina lake laandikishwa kwa namba asizozijua. Simu huibwa, huuzwa, hupotea katika pikipiki. Yawezekana yule kijana wa Butembo ndiye mwizi. Yawezekana pia ameibiwa jina, kama mama alivyoibiwa pesa. Mpaka hapo hatujui. Namba yatuonyesha pa kuanzia kutafuta, haitupi ruhusa ya kuhukumu.

Ngazi tatu za shuku

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha elimu ya Mungu, alifundisha juu ya shuku kwa uangalifu sana. Aonyesha ngazi tatu. Ya kwanza ni mtu kuanza kuwa na mashaka juu ya wema wa mwenzake kwa ajili ya alama hafifu. Huo ni udhaifu wa kibinadamu, ni vigumu kuukwepa kabisa katika maisha haya. Ya pili ni kushika kwa hakika kwamba mwenzake ni mwovu, na kumbe alama ni zilezile hafifu. Hapo, kama jambo ni zito, dhambi ni ya mauti. Ya tatu ni hakimu kumhukumu mtu kwa shuku tu. Hapo haki yenyewe yavunjwa.

Mioyo yetu hupanda ngazi hizo upesi mno. Asubuhi twasema, "labda ni yeye." Mchana twasema, "ni yeye." Jioni kuni zimekwisha kukusanywa.

Sisi watu wa Beni na Butembo twajua habari hizi kwa machungu. Mwishoni mwa Oktoba 2014, siku za mauaji ya Beni, mji ulikuwa umejaa hofu na kilio. Habari zilizotangazwa wakati ule zilisema kwamba kijana mmoja alishukiwa kuwa wa kundi la wauaji kwa sababu alikuwa na panga na hakujua Kiswahili. Umati ulimpiga mawe, ukamchoma moto. Tuwaze kidogo. Panga, nani katika vijiji vyetu hana? Na bibi zetu wangapi hawajui lugha ila Kinande? Alama zile hazikutosha kumhukumu mtu yeyote. Uchungu wa watu ulikuwa wa kweli kabisa, lakini uchungu si ushahidi.

Ikiwa panga lililoonekana kwa macho lilidanganya hivyo, namba iliyoandikwa katika kioo cha simu itadanganya mara ngapi?

Kwa nini sheria ni ya lazima

Wengine watasema: "Acheni maneno ya sheria. Mwizi ni mwizi, aadhibiwe." Lakini palipo na kosa jipya pasipo sheria, hata mkosaji aliyejulikana hawezi kuadhibiwa kwa haki. Tarehe 4 Mei 2000 barua yenye kichwa cha "Nakupenda" ilienea katika kompyuta za dunia yote. Kila aliyeifungua aliharibiwa kazi zake, na barua ikajituma yenyewe kwa rafiki zake wote. Wapelelezi walifuata nyayo zake hadi Manila, nchini Ufilipino, kwa kijana mmoja mwanafunzi. Lakini Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Bunge lilitunga sheria baadaye kidogo katika mwaka uleule, nayo haikuweza kurudi nyuma kumkamata. Mwezi wa Agosti 2000 mashtaka yalifutwa.

Nchi yetu nayo ina kanuni hiyo, na yatokea mwanzo kabisa wa Kitabu cha Sheria ya Jinai cha 1940: hakuna adhabu kwa tendo ambalo sheria haikuliwekea adhabu kabla ya kutendwa. Kanuni hii yaweza kuwaudhi wenye hasira, lakini yatulinda sote. Bila hiyo, mkubwa yeyote angeamka asubuhi na kuliita kosa jambo lisilompendeza.

Basi sheria ya zamani ilitosha kwa udanganyifu kama ule wa mama yetu, lakini haikutosha kwa yote. Mtu akiiba mbuzi, zizi labaki tupu. Mtu akiingia katika kompyuta ya hospitali na kunakili siri za wagonjwa, siri zabaki palepale, hakuna kilichopungua, na hata hivyo uovu umetendeka. Kwa ajili ya hayo Kongo ilipata Sheria ya mambo ya kidijitali, yaani amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Kitabu chake cha nne chahusu usalama wa kompyuta na mitandao, na adhabu za wanaoishambulia. Sheria hiyo yaweka pia jambo kubwa: maandiko ya kielektroni yaweza kuwa ushahidi sawa na karatasi, mradi ijulikane yametoka kwa nani na yawe yametunzwa pasipo kubadilishwa. Wasomaji washike maneno hayo mawili, kutoka kwa nani na pasipo kubadilishwa, kwa maana kazi yote ya upelelezi imo humo.

Danieli mpelelezi

Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, twasoma habari za Susana. Wazee wawili wenye heshima walimshuhudia uongo, na mkutano ukawaamini kwa sababu ya mvi zao na cheo chao. Susana akapelekwa kuuawa. Ndipo kijana Danieli alipopaza sauti. Hakutegemea fimbo, wala hakulia tu. Aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti wa namna moja, wa pili mti wa namna nyingine. Uongo ukajulikana mbele ya wote.

Huo ndio upelelezi: kuuliza jambo dogo linaloweza kuhakikishwa, na kulinganisha majibu. Katika kosa la simu, Danieli wetu afuate njia hii.

Kwanza, aliyeibiwa asifute chochote. Maandiko ya uongo, saa yaliyofika, namba iliyopiga, kiasi kilichotumwa, vyote vibaki katika simu, tena viandikwe katika daftari. Mara moja aijulishe kampuni ya simu, maana pesa ambazo bado hazijatolewa zaweza kuzuiwa. Asimpigie mwizi kumtukana, asije akamwonya akimbie.

Pili, apeleke mashtaka kwa ofisa wa polisi wa upelelezi, yule watu wanayemwita OPJ, au kwa mwendesha mashtaka. Maneno yake yaandikwe, naye asomewe kabla ya kutia sahihi.

Tatu, wenye mamlaka ya sheria waiombe kampuni habari zake: namba iliandikishwa na nani, lini na wapi, pesa zilikwenda kwa namba gani nyingine, zilitolewa katika kibanda gani, saa ngapi. Raia hana ruhusa ya kuzichukua habari hizo mwenyewe, wala kumhonga mfanyakazi wa kampuni ili azitoe kwa siri. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, yalinda siri ya barua na ya simu za kila mtu, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vingine.

Nne, aulizwe mwenye kibanda aliyezitoa pesa zile, achunguze daftari lake, akumbuke sura ya mtu aliyesimama mbele yake. Kwa maana hata wizi wa mitandao mwisho wake ni mkono wa mtu unaopokea noti.

Tano, mshukiwa asikilizwe. Alikuwa wapi saa ile? Nani mwingine ametumia kadi yake? Kifungu cha 17 cha Katiba chasema mtuhumiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapotoka, na kifungu cha 18 chakataza polisi kumshika zaidi ya saa 48 pasipo kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka ya kuhukumu. Nikodemu aliwakumbusha Mafarisayo neno hilohilo, katika Injili ya Yohane, sura ya 7: sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Labda njia hii yamrudia yule kijana wa pikipiki, na kosa lathibitika. Labda yampita, yaenda kwa mtu mwingine ambaye hakuna aliyemfikiria. Kama vijana wangekwisha kumwua yule wa kwanza, nani angempata wa pili?

Mashine nayo ihojiwe

Watu wengine hudhani kwamba kompyuta haisemi uongo, kwa hiyo hakuna haja ya Danieli. Nchi ya Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakisimamia posta ndogo walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu hesabu za kompyuta zilionyesha upungufu wa pesa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa wakiwa na aibu. Kumbe programu ile, iliyoitwa Horizon, ilikuwa na kasoro. Hakimu alichukulia kwamba mashine yafanya kazi vema, na maskini aliyesema "sikuiba" hakusadikiwa. Mwezi wa Mei 2024 Bunge lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo. Waliokufa hawakuiona siku hiyo.

Hata Kinshasa lilitokea shauri lililosemwa sana. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023, akashtakiwa juu ya hati iliyodaiwa kuwa ya kughushi. Waendesha mashtaka walisema kwamba alama zilizofichika ndani ya picha ya hati hiyo zaonyesha yeye ndiye aliyeanza kuieneza. Watetezi wake walikana kwamba alama hizo zaweza kuthibitisha jambo hilo. Alikaa gerezani miezi sita, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miezi sita, ndipo akatoka. Sisi hatuamui shauri hilo katika kurasa hizi. Twasema neno moja tu: mtu akiweza kukaa gerezani kwa ajili ya alama zisizoonekana kwa macho, basi ni wajibu wa sheria kuzichunguza alama hizo mbele ya pande zote mbili, na kwa wataalamu wasioegemea upande. Mashine ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali.

"Lakini sheria yetu ni ya matajiri"

Twajua msomaji atakalotujibu. Atasema: "Mwalimu, maneno yenu ni mazuri, lakini mjane hana nauli ya kwenda Butembo. Akifika, ataombwa pesa ya karatasi na matabishi. Mwizi atalipa, atatoka siku ya pili, atanicheka. Tangu Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, mashauri ya jinai yakapelekwa kwa mahakimu wa kijeshi, na mlango wa haki ukazidi kuwa mbali. Tena mwizi aweza kuwa ng'ambo ya Kasindi, katika nchi ya Uganda. Nani atamfuata huko?"

Maneno haya si uongo, na hatutaki kuyapaka sukari. Ofisa anayemdai mjane matabishi kabla ya kuandika mashtaka yake amemwibia mara ya pili, naye atatoa hesabu kwa Mungu. Juu ya mipaka, mataifa yameanza kufungamana. Umoja wa Afrika ulikubali Mapatano ya Malabo juu ya usalama wa mitandao tarehe 27 Juni 2014, nayo yalipata nguvu tarehe 8 Juni 2023. Miaka tisa ilipita katikati, ndiyo. Haki hutembea kwa miguu, na mwizi ana pikipiki.

Lakini tujiulize: fimbo za umati zamrudishia mama dola zake? Hata moja. Aliyeuawa hawezi kutaja wenzake, wala kulipa, wala kutubu. Na akiwa hana kosa, mwizi wa kweli atalala usingizi mzuri, maana shauri limefungwa kwa damu ya mwingine. Hasira yatupa kitulizo cha saa moja, kisha yatuachia wajane wawili badala ya mmoja.

Dawa ya sheria dhaifu ni kuitia nguvu. Mtu mmoja aliyeibiwa dola 50 hawezi kulipia safari na makaratasi. Watu kumi wa mashirika yetu ya kikristu waliodanganywa kwa namba moja waweza kwenda pamoja, wakiwa na madaftari yao, na mashtaka kumi yanayofanana yana uzito mwingine mezani kwa mpelelezi. Tume ya Haki na Amani ipo katika jimbo letu. Waliosoma wawaandikie wasiojua kuandika. Anayedai matabishi atajwe kwa wakubwa wake na watu wengi kwa pamoja, asitajwe kwa kunong'ona.

Kidole kinachoeneza

Turudi kwa wale waliotaka kuieneza picha ya kijana. Hao hawakushika mawe, nao hudhani mikono yao ni safi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, namba 2477, yataja makosa matatu dhidi ya sifa njema ya mtu: hukumu ya harakaharaka, masengenyo na masingizio. Anayeituma picha yenye neno "mwizi" pasipo hakika aweza kuwa ametenda la kwanza na la tatu kwa kidole kimoja. Sheria ya nchi nayo yamwangalia. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Jinai chamwadhibu anayemtupia mwenzake hadharani, kwa nia mbaya, tendo la kumvunjia heshima, na Sheria ya 2023 yagusa pia habari za uongo zinazoenezwa katika mitandao.

Je, tumesahau miaka ya Ebola? Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa ule uliua watu 2,287, nao ulifika hata Musienene. Siku zile uvumi ulipita katika simu upesi kuliko waganga katika magari yao. Nyumba za kutibia wagonjwa zilishambuliwa Katwa na Butembo mwezi wa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Hatusemi kwamba kila aliyeeneza uvumi alifyatua bunduki. Twasema kwamba neno likitoka mkononi, hujui litafika mkono wa nani.

Kuziba ufa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Upelelezi ni kujenga ukuta, na gharama yake tumeiona. Kuziba ufa kwaanzia nyumbani.

Ukipata maandiko ya kupokea pesa, usisadiki maandiko. Angalia akiba yako yenyewe kabla ya kurudisha chochote. Namba yako ya siri usimwambie mtu, hata akisema ni mfanyakazi wa kampuni, hata akijiita padre. Mtu akipiga kwamba mtoto wako ameanguka shuleni na atakiwa pesa ya hospitali, kata simu, kisha mpigie mwalimu wa shule kwa namba unayoijua. Kazi inayodai pesa kabla ya kuanza si kazi. Kadi yako ya mpigakura usimwazime mtu aandikishe namba, na simu ikipotea toa habari siku ileile, jina lako lisije likaiba mahali usipo. Wenye vibanda nao wasitoe pesa kwa harakaharaka ili wapate wateja wengi; waandike daftari kwa uaminifu, kwa maana daftari hilo laweza kumwokoa asiye na kosa.

Wazazi wawafundishe watoto kwamba huruma si kosa. Mama yetu hakufanya dhambi kwa kumhurumia mtu asiyemjua. Wapo wanaomcheka na kumwita mjinga, na kicheko hicho ndicho kinachowafanya wengine walioibiwa wanyamaze kwa aibu. Mwizi hupenda sana kunyamaza kwetu.

Mwisho tuna neno kwa yule anayesoma gazeti hili naye ameishi kwa kazi hii ya uongo. Labda polisi hawatakupata. Labda namba uliyotumia ni ya mtu mwingine, na huyo ndiye anayetafutwa sasa na watu wenye fimbo. Ujue basi kwamba deni lako ni la watu wawili: yule uliyemwibia pesa, na yule uliyemwibia jina. Katika kiti cha kitubio padre atakuondolea dhambi ukitubu kweli, lakini kutubu kweli ni pamoja na kurudisha. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Wewe anza na mara moja. Waweza kurudisha kwa njia ya padre, pasipo kujulikana. Lakini kijana yule akishikwa kwa ajili yako, kunyamaza kwako kwaendelea kumwibia kila siku. Nenda ukaseme, kabla watu hawajashika mawe.

Nasi wengine, tukiona namba na jina katika kioo cha simu, tukumbuke Naboti na Susana. Wote wawili walihukumiwa na watu waliodhani wanajua. Mmoja hakupata wa kumwulizia. Wa pili alipata kijana mmoja aliyesimama mbele ya umati na kuomba jambo dogo tu, kwamba watu wangoje na waulize kwanza. Mungu atupe wengi wa namna hiyo katika Musienene, Butembo na Beni.